Orville Tvedt na Teke la Bastola: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kubishana

Ijumaa ya tarehe 28 Februari, Bw. Orville Tvedt atavua aproni yake ya turubai na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha risasi hapa Sorrel Creek, Montana, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kwa miaka ishirini na sita ya mwisho alikuwa mpimaji mkuu, na hakuna boksi lililotoka mlangoni bila sahihi yake. Mimi nimesimamia mashine za kujaza baruti hatua kumi tu kutoka mezani kwake karibu muda huo wote, ndiyo maana nimeombwa kuandika. Nusu ya miaka hiyo niliipitisha nikitamani anyamaze, na nusu ya pili nikitamani wengine wamsikilize.

Alitoka kwenye shamba la ngano la baba yake, akaajiriwa kufagia maganda ya shaba. Akawa haagizwi kitu bila kuuliza kwa nini. Tulipompa kazi ya kupima tulidhani maswali yatapungua. Badala yake alihamia hadi kwenye friza ya chumba cha chai, akaijaza risasi za majaribio katikati ya soseji za kulungu za watu. Alisema lazima ajue baruti inafanyaje kazi kwenye baridi. Mabango matatu ya kumkataza yalibandikwa. Yote matatu aliyasahihisha herufi, akayaacha palepale, na risasi pia.

Ila ugomvi mkubwa wa maisha yake ulihusu teke, yaani ile nguvu ya bastola kurudi mkononi unapofyatua. Kila wiki mteja alipiga simu akisema kiganja kinamuuma, apelekewe risasi zenye kichwa chepesi kabisa. Kila wiki Orville alieleza upya, na kila wiki mteja alishukuru na kuagiza kilekile alichokuwa ameambiwa asiagize.

Niwaeleze na mimi, labda kwa maandishi itaingia. Kwenye mashindano ya shabaha, uzito wa kichwa cha risasi ukizidishwa kwa mwendo wake lazima ufikie kiwango kilichowekwa. Kichwa chepesi kina uzito mdogo, hivyo lazima kikimbie sana, na ili kikimbie kinahitaji baruti nyingi. Kichwa kizito hukifikia kiwango kikienda polepole, kwa baruti kidogo. Ukichagua baruti inayoungua haraka, inakuwa kidogo zaidi. Kwa kiwango kilekile, vichwa vyote viwili vinairudisha bastola sawasawa. Kinachoongeza teke ni moshi wa baruti, kwa sababu nao unatoka mbele kwa kasi na kuisukuma bastola nyuma. Baruti ikipungua, moshi unapungua, na mkono unapumzika. Wenye bastola zilizotobolewa matundu mdomoni ni habari nyingine, maana zao zinautegemea moshi huo kutuliza mtutu. Nao walipiga simu, kulalamika kuhusu ushauri ambao hawakupewa wao.

Mwaka jana ubishi huu ulimfika mtu wetu. Marlys Kuntz wa chumba cha kufungia maboksi, mwenye umri wa miaka sitini na tatu, hushindana kila msimu, na baridi yabisi ilikuwa imekiingia kiganja chake cha kulia. Daktari alimwambia wazi: apate risasi zenye teke dogo kabla ya mashindano ya jimbo ya Septemba, au aiache bastola. Meneja wetu wa mauzo, Gary Lindqvist, alikuwa na jibu tayari. Alitaka kuuza kichwa chepesi cha greni 115, kipimo kidogo cha uzito wa risasi, katika boksi lililoandikwa “Laini”. Orville alikataa kutia sahihi. Vikao saba vilifanyika, na kila kimoja kilikuwa kilekile.

“Gary, bwana, wepesi wa kichwa si wepesi wa teke. Nikwambie mara ngapi?”

“Mteja akiona namba ndogo anaona maumivu madogo, Orville. Ndivyo watu walivyo.”

“Basi watu wamekosea, na wewe unawachapishia kosa lao kwenye boksi!”

“Endeleeni kugombana, wazee,” alisema Marlys. “Kiganja ni changu mimi.”

Orville alianza kumtengenezea Marlys za greni 147, kichwa kizito chenye baruti ya haraka. Ilimchukua miezi minne, nasi tulitaka kumkaba. Baruti hiyo ni kidogo mno ndani ya ganda. Ikimwagwa mara mbili kwa bahati mbaya bado inaenea, na bastola inapasuka mkononi. Kwa hiyo alimulika kila ganda kwa tochi, moja moja.

“We mzee,” Marlys alimwambia mwezi wa Agosti, “nitazikwa ndipo umalize?”

“Ukizikwa na vidole kumi, utanishukuru.”

Siku ya mashindano, halijoto ilishuka chini ya sifuri tangu alfajiri. Waamuzi huchota risasi nane kwa kila mshindani na kuzipima. Zikishindwa kufikia kile kiwango cha uzito mara mwendo, yaani 125, alama zote za siku zinafutwa. Gary naye alishindana, kwa zile za 115 ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezipunguzia baruti ili teke lipungue, na kuzipima Julai juani. Kwenye baridi baruti ilipoteza nguvu, zikatoa 119. Alama zake zilifutwa mbele ya wateja wetu kumi na wawili. Za Marlys zilitoa 128. Alimaliza vituo vyote sita, akawa wa tisa kati ya hamsini na mmoja, akarudi kwetu akikunjua vidole kimoja baada ya kingine kama anayehesabu.

“Vipo vyote,” alisema. “Na haviumi. Si sana.”

Orville alimwuliza “si sana” ni kiasi gani, akatoa daftari.

Boksi la 147 sasa linauzwa. Neno “Laini” halimo, kwa sababu Orville anasema si kipimo, na Gary amekoma kubisha. Sahihi ya mwisho ya Orville itakuwa kwenye maboksi ishirini aliyoagiza Marlys, ambaye jina lake tayari limo kwenye orodha ya washindani wa Aprili.

Asante, Orville, kwa ukaidi uliotuchosha na kuwahifadhia watu mikono yao. Tunakutakia mapumziko marefu na afya tele. Aprili kuna kiti nyuma ya mstari wa kupigia. Njoo ukae, bwana, umtazame Marlys akipiga. Umtazame tu.