Kiganja Ukutani: Miaka Thelathini na Moja ya Kukausha Nyumba za Watu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Kiganja atatundika koti lake la kazi kwenye msumari wa tatu nyuma ya mlango wa stoo, na Jumatatu halitachukuliwa na mtu. Ametimiza miaka thelathini na moja ya kukausha na kutengeneza nyumba zilizoharibiwa na maji na moto. Ishirini na sita kati ya hiyo tulikuwa bega kwa bega, ndiyo maana nimepewa mimi kalamu, ingawa shule niliiacha ingali inanihitaji.

Alianza kwa kubeba ndoo. Mwaka wa nne akawa mkaguzi, yule anayeingia kwanza kabla mteja hajaamua kutupa kazi. Alikuwa akiweka kiganja ukutani, anafumba macho, kisha anasema maji yamefika wapi. Kampuni iliponunua kipimo cha unyevu, kipimo kikasema ukuta fulani mkavu, Kiganja akasema bado. Tukatoboa, maji yakaruka mpaka kwa jirani. Wanaosema nimeongeza chumvi hawakuwepo. Mimi nililowa mpaka soksi.

Wateja walimpendea swali moja. Mafundi wengine huuliza nini kimeharibika; yeye aliuliza wangapi wanalala humu. Chumba cha kulala kilikaushwa kwanza, makochi ya sebuleni yangoje. Mama mmoja alikuwa ameshafukuza mafundi wa kampuni mbili. Aliposikia swali hilo akatupa kazi papo hapo. Siku hiyo nilishusha friji ghorofa nne peke yangu, na vyakula ndani. Mashahidi wapo, ila wamehama.

Swali hilo lilimponza mara moja tu. Babu mmoja alijibu kwamba wanalala watatu, tukafunga feni za kukaushia vyumba vitatu. Kesho yake tukakuta vitanda viwili vimetandikwa vizuri, vumbi juu ya shuka. Nikataka kuzihamisha feni. Kiganja akanikataza, akasema ziache zizunguke, mwenye nyumba ameshahesabu watu wake.

Mke wa Kiganja, shemeji yetu, alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo bomba la bafuni kwake linavuja ndani ya ukuta wa chumbani. Hakutuambia, lakini koti lake lilinuka ukungu, na pua zetu ndizo zinazotulisha. Nilimsihi mara mia aturuhusu tuingie. Alinijibu nianze kuziba mdomo wangu, ndio unaovuja zaidi. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa na hofu. Miaka mitatu alifika kazini kabla ya mlinzi na kuondoka wa mwisho. Sasa atashinda kutwa ndani ya chumba kile kibichi, yeye na ukuta.

Jumanne iliyopita alikuja dirisha la wateja, zamu ikiwa yangu. Nilimpungia apite ndani, akakataa, akapanga foleni nyuma ya watu wawili. Akajaza fomu ya kuomba kukaushiwa nyumba kama mteja yeyote. Sehemu ya uharibifu aliieleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Kisha akafika kwenye lile swali, ambalo yeye ndiye aliyeagiza liwekwe kwenye fomu. Kalamu ikasimama. Akaandika wawili. Akakata, akaandika mmoja, akanisukumia karatasi bila kuniangalia.

Niliipokea, nikaigonga muhuri kabla hajabadili nia.

Tunaanza Jumatatu, chumba cha kulala kwanza. Kiganja ukutani nitaweka mimi, naye atanisahihisha. Ukuta ule ni kazi ya siku nne. Kwenye ratiba nimeandika wiki tatu, na bosi akisema nimeongeza chumvi, safari hii sibishi.

Asante, kaka, kwa kila chumba ulichokirudishia watu wake. Tunakutakia kuta kavu, usingizi mzuri, na mlango usiokaa siku mbili bila kugongwa.