Zinki Iliyokuwa Katika Kila Mto

Amahoro, ndugu zangu, na asalaam aleikum kwenu mliotoka kuswali alasiri. Murakoze kwa kunipa nafasi. Mnanijua, mimi si mtu wa ushuhuda. Mtu akisimama hapa akasema ameponywa, mimi ndiye ninayeuliza kule nyuma aliumwa nini na nani alimpima. Mwenyekiti aliponiomba nizungumze alicheka, akaniambia leo na mimi nitaulizwa. Ulizeni. Sitakasirika.

Nilikuwa bado shuleni bendera ya Wabelgiji iliposhushwa. Mwalimu wetu alituambia wameondoka na ramani nyingi za mawe, kwa hiyo tumerithi nchi bila kujua kilicho chini ya miguu yetu. Neno lile lilinisumbua hadi likanivusha ziwa, nikaenda kusomea mawe chuo kikuu Kongo. Nilirudi hapa kwetu Rumonge na diploma, na maswali mengi kuliko niliyoondoka nayo. Mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, alilalamika kwa majirani kwamba Kongo wamemrudishia mutoto mwingine, hata chai anauliza imetoka wapi.

Serikali ikaniweka katika kundi dogo la utafiti wa madini. Tulikuwa watatu. Mimi mtu wa ziwani. Mwenzangu Murundi wa milimani, upande wa Bururi, aliyesomea kemia. Na mtaalamu mmoja mzungu aliyeletwa ashirikiane nasi. Najua nusu yenu mlidhani tunatafuta dhahabu. Hapana. Tulikuwa tunatafuta njia bora ya kutafuta. Zamani watu walichimba mashimo huku na huku wakibahatisha. Sisi tulifuata mito, kwa sababu mto huosha mlima wote unakotoka. Chota tope pale vijito viwili vinapokutana, likaushe, lichekeche, lipeleke laboratwari Ulaya likapimwe, nalo litakuambia mlima umebeba nini kabla hujapiga sururu hata moja. Mimi ninayekataa kila kitu, hilo nililipenda siku ya kwanza.

Sasa, mvua zikianza tope halikauki. Na sisi wa Rumonge tunajua kuanika. Ndagala, dagaa wetu hawa, za kula wenyewe tunazitandaza mchangani, tunatafuna na mchanga wake bila kunung'unika. Za kuuza milimani tunazianika kwenye mabati, maana watu wa juu hawataki kusikia mchanga menoni. Mama mdogo alikuwa na mabati yake nyuma ya nyumba, ya siku nyingi, yameshaota unga mweupe kwa maji ya samaki. Akatugawia upande mmoja. Tope letu likakauka vizuri kando ya ndagala zake, sote watatu tukamshukuru.

Majibu yalipokuja yalisema zinki. Zinki mto Dama, zinki Murembwe, zinki kila kijito mpaka kukaribia Nyanza-Lac. Mji mzima ulijua kabla hatujamaliza kusoma. Kuna waliokuja kunipongeza kana kwamba nimeiweka mimi.

Wakubwa wa Bujumbura wakaamuru lichimbwe shimo bondeni, juu ya Gatete. Kushuka kusoma matabaka ya udongo ilikuwa kazi yangu. Mvua ilikuwa imeulegeza ukuta. Nilisikia kitu kama gunia la mihogo linamwagwa, kisha nikawa siwezi kuinua mikono. Udongo ulinifika kifuani. Mchimbaji mmoja aliyekuwa juu hakungoja kamba, aliruka. Alinifukua kwa vidole kwa sababu jembe lingenikata, na muda wote alikuwa ananitukana. "Pumua, wee msomi," alisema. "Maswali utauliza ukitoka."

Nilitoka na mguu uliovunjika chini ya goti. Na shimoni hamkuwa na zinki.

Ndugu zangu, nawaambia, mguu uliunga kabla ya moyo. Nililala kwa mama mdogo nikitazama dari. Waliokuwa wakinipongeza sasa waliniita Bwana Zinki, na walisema kwa sauti, nisikie. Nilimwambia mama mdogo nikipona nitauza vitenge katika duka la mjomba, nisiulize tena kitu chochote. Hakunibembeleza. Alisema mjomba hatanichukua, nitawauliza wateja wake wanavitakia nini.

Ndipo yule mchimbaji akaja kunijulia hali, amevaa shati safi, ana furaha. Alileta habari. Bujumbura wamesema shimo la kwanza halikufika chini ya kutosha. Litachimbwa la pili hapohapo, refu zaidi, mvua au jua, na yeye ni wa kwanza kuandikwa. Alikuwa na watoto wa kulisha, na kazi zilikuwa chache. Nilimtazama vidole vile, kucha zake zilikuwa bado hazijaota vizuri, nikashindwa kumpongeza.

Alipoondoka, nilijikuta ninauliza. Sikutaka, nilijikuta. Mawe ya Dama si mawe ya Murembwe. Huku ni hivi, kule ni vile, nimeyapasua kwa nyundo yangu. Inakuwaje mito yote inasema neno lilelile, kwa sauti ileile? Nikawaita wenzangu wawili waje kitandani.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana hawa ndio niliokuja kuwashuhudia. Nilitegemea wakasirike. Zinki ile ilikuwa jina lao pia. Mzungu akasema swali ni zuri, linamtia hofu, kwa hiyo tulifuate. Murundi akasema kwao, maharagwe yakiwa na ladha mbaya, mama yake hagombani na maharagwe. Anachemsha maji matupu katika sufuria ileile, kisha anayaonja. Tukaanza sote kusema kwa pamoja: tuonje vyombo vyetu.

Tulitafuta jiwe jeupe ambalo tuna hakika halina zinki. Tukaliponda kwenye kinu cha mti, tusitumie chuma. Mama mdogo alikataa kwanza, ni kinu chake cha kutwangia sombe, majani ya mihogo, na mawe hayajawahi kuliwa. Tukaupitisha unga ule katika kila kitu ambacho tope letu lilipita: chekecheo, mifuko, yote. Sehemu moja tukaianika kwenye mabati, nyingine kwenye mkeka. Mzungu akaongeza jambo moja: mifuko ya unga ule tuichanganye na mifuko ya tope la kawaida, na wa laboratwari wasiambiwe. Anayepima asijue tunachotarajia. Hilo sikulisoma chuoni.

Lakini majibu hukawia, na shimo halikungoja. Kamyo ya Bujumbura ilifika Gatete imepakia sururu mpya. Mimi walinibeba kwenye kiti. Mkubwa aliyekuja nayo alitaka wachimbaji washuke asubuhi ileile. Mzungu akasimama kwenye ukingo, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, polepole, kila mtu asikie:

"Mimi sijui kama iko zinki. Na kwa sababu sijui, hakuna mtu anashuka."

Mkubwa alimwambia atarudishwa kwao. Yeye akasema sawa. Mwenzangu wa Bururi, ambaye hakuwa na kwao kwingine kwa kurudishwa, akaenda akasimama karibu yake. Sikuwa nimewahi kuona watu wenye elimu wakisema "sijui" mbele ya watu, kwa hasara yao wenyewe. Nimesoma vitabu vingi. Hilo sikuwa nimeliona.

Hakuna aliyeshuka siku ile, na yule mchimbaji hakulipenda hilo. Alikuja kwenye kiti changu, akainama. "Mimi nilikutoa shimoni," akasema, "wewe unanitoa kazini." Akaacha kunisalimu. Tulipokutana sokoni alitazama samaki.

Kisha majibu yakaja. Unga wa mkekani ulikuwa safi, hauna kitu. Unga wa kwenye mabati ulikuwa na zinki kama mito yote. Mabati hupakwa zinki yasishike kutu, ndugu zangu, na maji ya ndagala yalikuwa yameila miaka yote ile. Hakuna mlima wowote uliokuwa umesema kitu. Ni bati la mama mdogo lililokuwa linazungumza.

Nilimweleza kwa uangalifu, nikiogopa atajilaumu. Alifikiri, akauliza, "Kumbe ndagala zangu iko na madini?" Nikasema kidogo. Akasema basi watu wa milimani wamekuwa wakila bure muda wote huo, atapandisha bei.

Wenzangu hawakuficha. Waliandika jinsi tulivyojidanganya, hatua kwa hatua, tukatia sahihi watatu, ikapelekwa Bujumbura. Mzungu hakurudishwa. Tulipewa msimu mwingine, tukaanza upya na mikeka. Hatukupata mgodi. Siwezi kuwaambia tulipata. Lakini sasa makundi mengine yanayotoka kwenda mitoni hubeba mfuko mmoja wa unga wa jiwe jeupe na kuuchanganya na mifuko ya tope lao. Nami nilirudi kazini, na fimbo hii.

Shukrani zangu ni kwa mama mdogo, kwa mabati na kwa kinu. Ni kwa wenzangu wawili, waliokubali swali la mgonjwa. Na kama nina funzo, ni hili: ukiwa na uhakika sana wa jambo, pitisha kwanza kitu unachokijua katika sufuria yako, na mwombe mwingine akuonjee.

Yule mchimbaji tulimchukua msimu ule wa pili, achote tope pamoja nasi. Yuko humu ndani. Sitamtaja. Ni yule aliyeinamisha kichwa sasa hivi, na kikombe cha chai kiko katika mikono yake miwili.