Darubini ya Afande Romano Wabwire

Wachungaji, maafande mliotoka Mbale, majirani wa Walukuba, naomba tutulie. Mimi ni Enos, mdogo wa marehemu, na ninasoma kwa Kiswahili kwa sababu wengine mmetoka Kenya na wengine kaskazini, ingawa ndiyo lugha iliyomponza kaka yangu.

Romano Wabwire alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa Walukuba, mtoto wa kwanza wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, akasoma shule ya msingi papa hapa, kisha akapelekwa kwa shangazi yetu Malukhu, Mbale, akamaliza sekondari mwaka 1976. Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa askari magereza, akatumikia Mbale, na huko juu ya mnara wa lindo, alipopewa darubini ya kuchunga wafungwa, akaanza kutazama ndege, jambo ambalo sisi tulilicheka mpaka tukachoka.

Alimwoa Nabwire tarehe 12 Desemba 1987 mjini Mbale, wakajaliwa Douglas, Racheal na Christine. Alistaafu mwaka 2018 akarudi Walukuba, na kila mwezi wa tatu na wa nne, korongo weupe na mbayuwayu wanaporudi kaskazini, aliwafuata kwa miguu ufukoni mwa ziwa, na hata mashambani Buwenge, akiandika idadi yao daftarini.

Jumamosi tarehe 29 Machi mwaka huu, saa moja asubuhi, alisimama karibu na mwalo wa wavuvi ambako wiki hiyo askari wa doria ya uvuvi walikuwa wamechoma mitumbwi, darubini machoni, vijana wa mwaloni wakamzunguka kumuuliza anampelelezea nani. Kama angewajibu kwa Lusoga, lugha aliyokulia nayo, leo angekuwa hai, lakini miaka thelathini na saba ya magereza ilimtangulia mdomoni, akawaamuru kwa Kiswahili cha askari: "Simama hapo! Rudi nyuma!"

Wakasikia askari. Walimpiga kwa makasia na mawe, wakamvunja mbavu tatu, wakamponda vidole kwa sababu hakuiachia darubini, wakampasua kichwa, na mmoja alikuwa amekwisha kwenda kuleta petroli wakati Ramula, muuza samaki wa pale mwaloni, alipomlalia kaka juu kumkinga, naye wakamvunja mkono.

Alilazwa siku nne. Jumanne aliniita karibu akasema: "Enos, walidhani mimi ni wale waliowachomea mitumbwi. Douglas asiende kule." Alifariki Jumatano tarehe 2 Aprili 2025, saa kumi jioni.

Mimi sijawasamehe, nasema wazi mbele ya wachungaji. Lakini Douglas, mwanangu, mapanga mliyofunika kwa turubai ndani ya pikapu nimeyaona, na najua mnakwenda mwaloni tukishazika. Ramula anaishi pale pale na watoto wake, mtawajuaje waliopiga na waliookoa?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, maafande wenzake, na Ramula, yule pale mbele mwenye plasta mkononi, ambaye nasikia kuna watu wanataka aondoke kwa kuwa ni wa mwaloni. Haondoki.

Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa marehemu, naye ni Douglas, ndiye hutupa udongo wa kwanza, na kabla yake hakuna anayegusa koleo. Kaka, utapumzika kwa amani, ila si sasa hivi: tutakaa hapa na jeneza lako, hata mvua ikitunyeshea, mpaka Douglas alete mapanga yale yote hapa mbele.