Bi Nasriya binti Mahfoudh na Vitunguu vya Baridi vya Sib

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na tunamsalia Mtume wake. Jamaa na majirani mliokusanyika hapa Sib siku hii ya tatu ya msiba, mfiwa wetu, Mwalimu Yaarub bin Bakhit, ameomba yasemwe machache juu ya maisha ya mkewe. Anayesoma ni Marhoon bin Mahfoudh, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja.

Marehemu Bi Nasriya alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 11 Agosti 1928, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mahfoudh bin Suud na Bi Sayyida. Alisoma Kurani chuoni hapo hapo Wete na akakhitimu angali mdogo, kisha akapelekwa Unguja kwa shangazi yake, akasoma skuli ya wasichana mpaka darasa la sita. Kiarabu cha msahafu alikisoma vizuri sana. Cha kuzungumza hakuwa nacho, na jambo hili lilikuja kumletea kisa tutakachokieleza mbele.

Aliolewa Unguja mwaka 1949 na Mwalimu Yaarub, wakajaaliwa watoto wawili, Suud na Shaikha. Bwana alisomesha hesabu na jiografia. Bibi alishona nguo za maharusi. Walikuwa na nyumba yenye furaha, na mgeni hakuondoka pale bila kula.

Mwaka 1964 mambo yalipogeuka kule, Mwalimu alipoteza kaka yake, kazi yake na nyumba yake. Walishuka bandarini Matrah, huku Oman, mwezi wa Juni mwaka huo, katika joto ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulionja. Binamu yake Mwalimu, Bwana Thani, aliwapokea kwenye shamba lake la mitende hapa Sib, akawapa vyumba viwili na kipande cha ardhi karibu na kisima. Mungu amlipe. Lakini Mwalimu hakuwa yule tuliyemjua. Alisali, akala kidogo, kisha akakaa ameelekea ukuta. Aliposemeshwa alijibu neno moja, na siku nyengine hilo moja pia halikupatikana. Watu walikuja kumtazama kama wanavyomtazama mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Marehemu hakulalamika kwa mtu. Alituambia sisi nduguze kwamba hawezi kumrudishia mumewe alichopoteza, lakini anaweza kutia chunguni mwake kitu alichokiotesha mwenyewe, na ataanzia hapo.

Akachagua vitunguu. Sababu yake ilikuwa nyepesi: hakuna chakula chetu kinachoanza bila kitunguu. Hakuwahi kuvipanda maisha yake. Pemba vilikuja kwa magunia kutoka bara. Basi akafuata majira aliyoyajua, akatia mbegu mwezi wa Machi 1965, kwa hesabu ya masika ya kwetu. Zilichipua vizuri. Kufika Mei jua likazibabua zote, kitalu kikabaki mchanga mtupu.

Jirani yake, Bi Masouda, ambaye tunaye hapa nyumbani pamoja na wanawake, alimwonea huruma. Akamweleza kwa Kiarabu cha hapa kwamba asipande kitu mpaka atoke Suhail. Marehemu alishukuru sana. Kisha akaanza kumtafuta Suhail. Alikwenda sokoni akawauliza wauza mbegu, akauliza kwa wavuvi, akamtuma Shaikha nyumba hata nyumba, na kila aliyeulizwa alisema anamjua, kisha akaendelea na kazi yake. Jioni moja alirudi amechoka, akaketi mlangoni akasema, huku mumewe amekaa pale pale pake, "Huyu bwana Suhail kila mtu anamjua, na hakuna anayenambia anakaa wapi."

Mwalimu akageuka. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na Shaikha akatoka chumbani mbio akidhani kuna jambo. Tangu kushuka Matrah hatukuwahi kuisikia sauti ile.

"Mama Shaikha," akasema, "Suhail ni nyota."

Marehemu alizoea kusema kwamba siku ile alilia kuliko siku aliyoiacha Unguja, na kwamba kilikuwa kilio kizuri. Mwisho wa Agosti, kabla ya alfajiri, Mwalimu alimtoa nje mwenyewe akamwonesha nyota imesimama chini upande wa kusini, akamweleza inavyokwenda, na kwamba ikishatoka ndipo joto huanza kuvunjika, kama anavyomweleza mwanafunzi.

Mwaka ule walipanda pamoja. Mbegu zilitiwa kitaluni joto lilipovunjika, miche ikahamishiwa kwenye matuta mwezi wa Novemba, ikakaa ardhini baridi yote, polepole, kama haifanyi kitu. Ndiyo tabia ya vitunguu hivi, na marehemu aliipenda. Vingine vilitoa maua mapema mwezi wa Februari, kwa kuwa alivihamisha vimeshakuwa vinene mno; Bi Masouda akamfundisha kuving'oa na kuvila kwanza, maana havitunziki. Machi majani yalipoanza kulala wakaacha kumwagilia. Aprili 1966 wakavuna, na sahani ya kwanza ilikwenda kwa Bwana Thani.

Msimu mbaya ulikuja Januari 1968. Mvua ilinyesha milimani siku mbili, na mchana wa siku ya tatu maji ya wadi, lile bonde kavu la mlimani, yakashuka mpaka shambani yakasimama juu ya matuta. Kila mtu alisema vimeoza hivyo, viachiwe Mungu. Marehemu aliingia majini akaanza kuchimba mfereji kwa mikono na kipande cha sufuria. Mwalimu alimtazama kidogo, akachukua jembe, akaingia. Kisha akawaita majirani. Hakuwaita kwa unyonge. Aliwaita kwa sauti ya darasani, wewe huku, wewe kule, chimba kufuata mteremko, na watu wakajikuta wanatii kabla hawajajiuliza kwa nini. Magharibi maji yalikuwa yamekwisha kutoka. Nusu ya vitunguu viliharibika, nusu vikapona.

Baada ya siku ile Bi Masouda alimwendea Mwalimu akamwambia mtu mwenye sauti kama ile si haki kukaa kimya, naye ana wajukuu hawajui kusoma. Mwalimu akataka kukataa. Marehemu akajibu kwa niaba yake kwamba waje Jumamosi. Wakaja, wakakaa chini ya kibanda cha makuti vinapokaushwa vitunguu, na kila mwezi wakazidi, wavulana na wasichana. Mama zao walisema watoto wanarudi wanajua kugawanya na kuzidisha, na wananuka vitunguu mpaka nywele. Shaikha alisoma humo humo, na leo ndiye anayewasomesha wadogo.

Maradhi ya moyo yalimwanza marehemu mwanzoni mwa 1969. Alipelekwa hospitali Matrah mara mbili, akaambiwa asiiname na asibebe. Alitii kwa namna yake: akatandikiwa mkeka pembeni ya matuta, akawa anaelekeza. Mwaka huu, milango ya nchi ilipofunguka na jamaa zetu wakaanza kurudi kutoka kila upande, aliwapokea wengi akiwa juu ya mkeka ule, na kila aliyelalamika kwamba ardhi hii haioti kitu alipewa kitunguu mkononi kabla ya kupewa maji.

Khabari ya kufunguliwa skuli mpya, na Mwalimu kuitwa kusomesha, ilimfikia mwezi wa Oktoba. Siku hiyo alivaa nguo yake ya Idi, ingawa Ramadhani ilikuwa haijaingia.

Wiki aliyofariki, Mwalimu alimwambia kwamba miche imekaribia lakini ataiacha mpaka apate nafuu, waihamishe pamoja kama kawaida. Akamjibu, "Baba Shaikha, ikishafika unene wa kalamu ya risasi, ipande. Usiningoje." Alifariki nyumbani hapa Sib, Ijumaa tarehe 4 Disemba 1970, siku chache baada ya Idi, mumewe akiwa amemshika mkono na Shaikha akisoma. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na miwili. Alizikwa siku ile ile baada ya Alasiri.

Ameacha mume, Mwalimu Yaarub bin Bakhit, mtoto wa kiume, Suud, aliyekuwa Kuwait na sasa yuko njiani kuja, binti, Shaikha, mdogo wake anayesoma maneno haya, na wanafunzi wa kibandani, ambao kila mmoja alimwita mama.

Mwalimu ametaka litangazwe jambo moja. Leo baada ya Alfajiri yeye na Shaikha wamehamisha miche kwenye matuta, na Bi Masouda alikuja kusaidia bila kuitwa. Iliyobaki ni mingi, iko chini ya gunia bichi hapo langoni. Anaomba kila nyumba ichukue fungu, hasa waliofika mwaka huu, na waipande kabla ya Magharibi. Atakayekuwa hajui aulize, ataoneshwa.

Mola ampanulie kaburi lake, alitie nuru, na amkutanishe na wema waliotangulia. Alale salama.