Fundi Jicho na Kipima Masafa Kilichoandikiwa Kukatwa

Marehemu kaka yetu mkubwa, ambaye nusu yenu hapa hamkumjua kwa jina lingine ila Fundi Jicho, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya sita, mtoto mzito ambaye mkunga alimpima mara mbili hakuamini. Alianza shule mwaka 1959 akaishia darasa la saba, si kwa ujinga, akili zake zingewatosha maprofesa kumi na chenji ikabaki, ila baba alifariki, mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye.

Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa karakana ya jeshi, meza ya vioo, chini ya fundi mzee aliyemfundisha vipima masafa tangu asili yake, kwamba zamani mpiga mzinga alikisia umbali kwa macho tu, mpaka meli zilipopata mizinga ya kupiga mbali kuliko jicho linavyokadiria, ndipo wataalamu wakaunda bomba lenye kioo kila ncha, unachungulia katikati, unaona kitu kimoja kimekatika vipande viwili, unazungusha gurudumu hadi vikutane, unasoma umbali, na bomba likizidi urefu linazidi kusema kweli. Baadaye ikaja leza, unabonyeza tu, mabomba yakatupwa.

Tarehe 9 Agosti 1975 alimuoa shemeji yetu mshonaji, huyu hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne, wote walijua umbali wa kila nguzo ya umeme mtaani kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Mwaka 2009 jicho la kushoto lilizimika, akastaafu 2011, lakini hakukoma, maana bomba lile linataka jicho moja tu. Lilibaki la mwisho, la mita mbili, stoo, akaandika barua kumi na moja litunzwe makumbusho, akajibiwa mara kumi na moja kwamba suala lake linashughulikiwa, hadi tarehe 12 Februari mwaka huu, 2019, wakubwa walipokuja kuona kama bado linafanya kazi.

Mdogo wake, huyu anayewasomea, aliyekuwa msaidizi wake, alilibeba peke yake, kazi ya wanaume wanne, akaliweka kwenye ukingo wa turubai ili wageni wakae vizuri, nusu kivulini, nusu juani, na jua likichoma upande mmoja bomba linapinda, unywele tu, vipimo vyote vinaharibika. Mnara wa mita elfu moja na mia mbili ukasomeka elfu moja mia tatu na hamsini. Wakubwa wakacheka, marehemu akaomba nusu saa lipoe, wakatazama saa zao, wakaandika bovu, likatwe liwe chuma chakavu.

Alisema hivi tu, "Mdogo wangu, miaka arobaini nakwambia, kivuli chote au jua lote."

Wakubwa walipomwita "mzee aliyechoka", marehemu alijibu kwamba ni yeye aliyekosea kuliweka, na mdogo wake akanyamaza.

Figo zilianza kumsumbua Machi, akalazwa tarehe 20 Mei, akafariki Jumatatu tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotoa viti mpaka wao wakakaa chini, na wenzake wa karakana, akiwemo mkuu wao aliyekaa safu ya pili, ambaye ameagiza bomba likatwe Jumatatu ijayo. Mkuu, lipo kivulini tangu jana, lote, njoo uchungulie kabla msumeno haujaja. Fundi hakukosea, aliyekosea ndiye anayesoma.

Lala kwa amani, kaka, kosa lile nimeshalichukua.