Sekunde Arobaini za Mama Vyungu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo hakuna wimbo wa kufungulia. Nimeuzuia mwenyewe. Tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vyungu, muuza maua ya bustani, aliyefariki Alhamisi iliyopita kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Na niwaambie mapema, kabla hamjanihurumia kwa sauti hii iliyokauka: kuna kosa lililomharibia jina, na kosa hilo ni langu.

Kitalu chake kiliegemea ukuta wa kituo cha mafuta. Vyungu, makopo ya rangi, sinki bovu, hata buti moja la mvua. Chochote chenye tundu chini kilipandwa mche. Ukame ulipoingia, maji ya bomba yakawa yanakuja mara moja kwa wiki, na wauza maua wenzake wakafunga. Yeye akabaki na mimea miwili tu inayovumilia kiu: bogenvilia, yule wa miiba anayepanda ukuta, na waridi la jangwani, yule mfupi mwenye shina nene kama tumbo la mlafi. Kwa mimea hiyo miwili alipamba nusu ya nyua za mtaa ule.

Alikuwa na mdomo, mama yule. Mteja akimuuliza kama maua yanasikia ukiyasemesha, alijibu, "Yanasikia kuliko mume wangu." Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa papo hapo akiziba pancha.

"Nilikuwa nasikia," mzee huyo aliniambia juzi. "Nilinyamaza ili aendelee kusema."

Wasikilizaji wapendwa, mwaka jana nilimwalika studio. Alikuja na gauni la sherehe, kabeba mimea yake miwili, kila mmoja mkono wake. Akaiweka mezani, akaeleza tofauti zake kama mtu anayetambulisha wanawe. Alieleza vizuri. Nawaambia tena, alieleza vizuri.

Kipindi kilizidi muda wake kwa sekunde arobaini. Mimi ndiye niliyekata. Sikusikiliza nilichokikata, nilitaka tu wimbo wangu wa kufungia uishe wote, maana naupenda. Nikaondoa kipande cha katikati, nikaunga mwanzo na mwisho. Mwanzo alikuwa anasema habari za waridi la jangwani. Mwisho alikuwa ameshahamia kwa bogenvilia. Kwa hiyo mlichokisikia hewani, kwa sauti yake mwenyewe, ni hiki: "Huyu wa tumbo, waridi la jangwani, mpe ndoo nzima, maji yazame."

Ndoo nzima! Kwa mmea unaotaka kikombe!

Mlimwamini. Mngeachaje kumwamini? Watu walijinyima maji ya kufulia wakamwagilia waridi la jangwani. Katika wiki tatu mashina yakalegea, yakanuka, yakaanguka. Mwalimu mmoja wa hesabu alirudisha vyungu tisa, akavipanga mlangoni pa kitalu bila salamu. Muuguzi mkuu wa zahanati, aliyekuwa amepanda safu nzima mbele ya wodi ya wazazi, alimwambia mbele ya watu, "Mama, umetudanganya."

Mama Vyungu alikuja hapa kituoni siku ya pili yake. Alinikuta kwenye ngazi.

"Mwanangu," akasema, "sitaki kugombana. Sema tu hewani kwamba ilikatwa vibaya. Basi."

"Wiki ijayo, mama," nikamjibu.

Nilikwenda kwa mkuu wangu. Akasema tukianza kujisahihisha kwa ajili ya maua, kesho nani ataamini taarifa ya habari? Nami, badala ya kubisha, nilishusha pumzi. Nilifurahi kupata wa kumsingizia. Mama akaja mara ya pili. Akaja mara ya tatu, safari hii akipumzika kila ngazi mbili, mkono kifuani. Nikamwambia tena, wiki ijayo. Mara ya nne hakuja.

Bintiye ni mshona nguo. Nilimkuta juzi amekaa mbele ya cherehani, hashoni. Hakunipa kiti, na alikuwa na haki.

"Mama alizunguka nyumba kwa nyumba na moyo wake ule mbovu," aliniambia. "Anagonga, anaeleza, anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Wengine walimfungulia. Wengine walimjibu dirishani. Kaka, wewe ulikuwa na kipaza sauti. Yeye alikuwa na miguu iliyovimba."

 

Miezi miwili ya mwisho hakutoka kitandani. Mumewe ndiye aliyenimaliza kabisa. Alisema, "Kila Jumamosi alituambia tunyamaze. Aliweka redio karibu na sikio. Kipindi chako kikiisha, aliizima mwenyewe, akasema, labda wiki ijayo." Jumamosi tisa, wasikilizaji wapendwa. Nimezihesabu. Katika moja ya hizo, Mungu anisamehe, nilikuwa nawasomea utani kuhusu kuku.

Nitoe mkono wa pole kwa fundi baiskeli, kwa bintiye, kwa wajukuu, na kwa wote waliofiwa. Siombi msamaha wao leo. Nitauomba kwa kwenda, si kwa redio. Familia haikutaka niwasomee salamu za rambirambi. Ilitaka jambo moja tu: wekeni hewani maneno yake yote. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu mmemharibia jina kwa neno au kwa kunyamaza, ondokeni sasa hivi mkamsafishe. Msinisubiri nimalize.

Mwalimu wa hesabu, kama unasikia, hizi hapa sekunde arobaini. Muuguzi mkuu, sikiliza. Fundi mitambo, weka.

"Huyu wa tumbo, waridi la jangwani, tazama alivyonona. Maji yake ameshayaweka humu ndani. Mpe kikombe kimoja, tena udongo ukikauka mpaka chini. Mpande kwenye mchanga na kokoto, chungu chenye tundu. Akipukutisha majani usilie, amepumzika. Acha maji kabisa. Mbonyeze shina: likiwa gumu, mzima. Likilegea na kunuka, umemzamisha. Na utomvu wake ni sumu, nawa mikono, watoto wasiuguse. Sasa huyu wa miiba, bogenvilia, ni mwingine. Akishashika mizizi ardhini, mpe ndoo nzima, maji yazame, kisha msahau wiki mbili. Ukimdekeza kila siku atakupa majani matupu. Mpogoe akimaliza maua, jua limpige, na usimhamishehamishe, hapendi kuguswa mizizi. Haya. Nimeeleza vizuri, mwanangu, au nirudie?"

Sauti ya pili mliyoisikia hapo, ile inayosema, "Inatosha, mama, muda umetubana," ni yangu.