Noti Iliyoingia Mapema

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, ambaye nimekuona ukifunga kifungo cha mkono wa shati kamera zilipokuja, na hatutauliza unaficha nini, Chifu wetu, nawe Bwana Musembi, Mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Tatuu, wageni mliotoka Tala, Katelembo na Yatta, wanakwaya wangu, na wewe fundi Ngui, mwenye siku yako: hamjambo nyote, na wale waliosimama nyuma hamjambo pia, ingawa viti viko hapa mbele na haviumi mtu.

Mimi naitwa Kavutha. Ni mwalimu wa kwaya ya kanisa moja kule Kalama, na kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na saba. Kwa kawaida nikisimama kwenye mkutano huwa nimewapa watu mgongo, nawatazama waimbaji. Kwa hivyo mkiniona nawageukia waimbaji kila mara, jueni ni kwa sababu sijazoea kuziona nyuso zenu.

Tumekuja kumuaga fundi Ngui. Kwa miaka kumi na tisa amechora ngozi zetu katika kile chumba kidogo juu ya duka la mbolea, na sasa macho yamemwambia inatosha. Mashine anamwachia Wagaki, msichana aliyemfunza mwenyewe, na sisi ambao bado tuna ngozi tupu mahali fulani tutaenda kwake. Asubuhi yote nimewasikiliza. Nimemwona Bwana Musembi akivua shati, mzee mzima mwenye wajukuu, atuonyeshe redio ya marehemu baba yake iliyochorwa mgongoni na kibandiko cha betri kikiwa pale pale kilipokuwa. Nimemwona Karanja na gita lake kwenye muundi, akikaza msuli nyuzi zinacheza. Nimemsikia Nyakio akisema kwamba kila akisikia rumba anamwona mama yake akipiga pasi, na ndiyo maana pasi iko begani mwake na wala si jina la mwimbaji. Na nimemsikia Njogu akidai fundi bora yuko Nairobi. Njogu, tumekusamehe, lakini chai utainywa wa mwisho.

Mimi nilikuwa nimewaza nisije. Fundi aliniomba nizungumze miezi miwili iliyopita, kabla mambo yangu hayajaharibika, na ningeweza kusema ninaumwa. Naomba dakika moja nikunje mkono wa gauni. Haya. Walio mbele wanaona. Kuanzia hapa kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko kuna mstari mmoja wa noti za sol-fa, zile herufi za do-re-mi. Hakuna ua wala kipepeo. Kwa miaka mitatu nimeufunika kwa mikono mirefu, hata Januari, jua likiwa la kuchoma. Mwezi uliopita nilikuwa nafua nyuma ya nyumba mtu akanipiga picha, na picha ikatembea kushinda boda boda. Ikaja barua kutoka kwa wazee wa kanisa, imeandikwa vizuri, imepigwa muhuri. Inasema Jumapili hii, yaani kesho, baada ya ibada ya pili, nisimame niombe radhi mbele ya kanisa kwa kuuchora mwili wangu, na niahidi kuifuta hii alama. Ama niiache kwaya.

Kwaya yangu ina watu ishirini na sita. Niliwaambia fundi ameomba tuje tuimbe, na nikawaambia ukweli fundi huyu ni fundi wa nini. Leo nahesabu kumi na mmoja. Siwalaumu waliobaki nyumbani. Mtu ana mume, ana mama mkwe, ana jina lake kanisani. Nawashukuru nyinyi mliokuja. Besi nawaona wote, lakini besi hawajawahi kukosa mahali panaponukia pilau.

Sasa, watu wananiuliza: mwalimu, mwanamke wa umri wako, ulikuwa unatafuta nini kwa Ngui? Nitawajibu, lakini kwanza niwaeleze jinsi fundi huyu anavyofanya kazi, maana wengine hapa ni wageni.

Ngui hakugusi na sindano siku ya kwanza. Unaingia, unaketi, anakuuliza wimbo gani upigwe chumbani, na wimbo huo unamweleza wewe ni nani kuliko maneno yako. Halafu anachukua kalamu ya biro, ya dukani, anakuchora kwa biro unachotaka, anakwambia nenda nyumbani. Oga kama kawaida. Ikifutika na usiikumbuke, usirudi. Ikifutika na ukawa unatazama mahali ilipokuwa, rudi. Kiema, wewe unayecheka hapo, simama uwaambie. Hataki. Nitawaambia mimi. Kiema alikuja kuandikwa jina la msichana shingoni. Akaandikwa kwa biro siku ya Jumanne. Jumamosi msichana alikuwa ameshaenda na mtu wa malori, na biro ilikuwa haijamaliza hata kufutika. Kiema alirudi kwa fundi na kilo mbili za nyama kusema asante.

Mimi nilirudi mara mbili. Na nilichotaka kuandikwa ni mstari wa wimbo wetu wa mavuno, wimbo tulioutunga wenyewe kule Kalama, na niliutaka mkononi kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa akiitwa Kaluki.

Kaluki alikuwa soprano wangu. Aliuza nguo za mitumba Tala, na sauti yake ilikuwa imezoea soko, ilikuwa inafika. Lakini katika mstari huu, kwenye noti ya tatu, Kaluki aliingia kabla ya wakati. Kila mara. Wengine wote wanavuta noti ya pili, wanahesabu, yeye tayari ameshaingia. Nilimfundisha kwa kupiga makofi, nikamfundisha kwa kumshika bega, nikamfundisha kwa ukali. Miaka kumi na mmoja. Ananiambia, "Mwalimu, si mimi. Ikifika pale inanitoka tu." Na mimi, ndugu zangu, ni mtu wa hasira. Wanakwaya wanajua. Besi, msiitikie kwa vichwa.

Siku ya ibada ya mavuno, kanisa limejaa, wageni wametoka dayosisi, Kaluki akaingia mapema. Nikausimamisha wimbo. Katikati. Nikageuka, nikasema kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia, "Kaluki, toka nje, ukajifunze kuhesabu."

Akatoka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, ana watoto wawili, akatoka katikati ya viti huku watu wanamtazama. Sisi tukaanza upya tukaimba vizuri sana, na wageni wakanipongeza.

Baada ya hapo hakuacha kuja mazoezini. Hilo ndilo linaloniuma. Alikuja, akahamia safu ya nyuma, na ukifika mstari ule nilikuwa namwona anafungua mdomo bila kutoa sauti. Nililiona jambo hilo, nikaridhika. Nikajiambia angalau sasa wimbo umenyooka. Wiki ya tano akashikwa na kifua, akalazwa, na tukamzika kabla mahindi hayajaisha ghalani. Kaburini tuliimba wimbo ule ule. Noti ya tatu iliingia kwa wakati wake, sauti zote pamoja, safi kabisa, na mimi nilisikia kama mtu amenifungia mlango.

Basi nikaenda kwa fundi. Nilikuwa nimeuandika mstari kwenye karatasi, kwa mkono wa mwalimu, kila noti mahali pake. Fundi hajui sol-fa. Akaniambia, "Mwalimu, mimi hizi herufi zako sizielewi. Niimbie, ndiyo mkono wangu ujue unaandika nini." Nikamwimbia mara ya kwanza, akapiga biro. Nikarudi, nikamwimbia tena. Mara ya tatu, siku ya sindano, nikaimba, naye akawa anafuata kwa mguu sakafuni, kidole kiko kwenye karatasi. Nilipomaliza alirudisha kidole kwenye noti ya tatu. Halafu akasema, "Mwalimu, niko na swali. Hii ya tatu, kwa karatasi umeiweka hapa. Lakini ukiimba unaingia mbele yake. Umefanya hivyo mara zote tatu. Sasa niandike vile umeandika, ama niandike vile umeimba?"

Wageni waalikwa, nimefundisha muziki miaka ishirini na saba. Ninaweza kusikia alto mmoja akipotea nusu sauti nikiwa mlangoni. Na sikuwa nimejisikia mwenyewe. Nilikuwa naimba kama Kaluki na sikujua.

Nililia pale kwenye kiti cha fundi, na sina aibu kusema. Nikamwambia, "Andika nilivyoimba." Kwa hivyo mwanamuziki yeyote akija hapa akautazama mkono huu atasema mwalimu amekosea, noti ya tatu imeruka mahali pake. Atakuwa sahihi. Ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo itakavyokaa.

Tumepewa maneno mengi kuhusu ngozi. Nimesomewa mistari ya Walawi na watu watatu tofauti mwezi huu, na mmoja wao alikuwa amevaa shati la pamba iliyochanganywa na nailoni, na nguo ya nyuzi za aina mbili imekatazwa kwenye sura hiyo hiyo, lakini nilimwachia. Susu yangu, yaani mama aliyemzaa mama yangu, alikuwa na chale tumboni, safu kwa safu, alizochanjwa akiwa msichana. Nilizijua nilipokuwa namwogesha uzeeni. Alibatizwa nazo, akapokea meza ya Bwana nazo miaka hamsini, akazikwa nazo na wazee wa kanisa wakiwa wamebeba jeneza. Sisemi hivyo ili kubishana na viongozi wangu. Wananipenda, na wanalinda kitu wanachoamini kinahitaji kulindwa. Ninachowauliza ni swali moja tu, na nitawauliza kesho pia. Siku ile nilipomwaibisha Kaluki mbele ya kanisa zima, mbele yenu wote, wazee mkiwa mmeketi viti vya mbele, mbona hakuna aliyeniandikia barua?

Hakuna. Nilipongezwa. Nilifanya jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya nikiwa nimevaa joho, nimesimama mita tatu kutoka madhabahuni, na halikuacha alama mahali popote watu wangeweza kuiona. Nikaenda kutafuta mtu wa kuniwekea.

Fundi Ngui, wewe hukunihukumu na hukunibembeleza. Uliniuliza swali la kazi yako tu, ukangoja jibu. Umetuchora sisi sote hapa bila kutucheka, na wengine tulikuja na mambo ya kuchekesha. Macho yako yapumzike. Ukija Kalama, mlango wangu unaujua, na kuku hatakosekana. Wagaki, binti yangu, usiitupe ile biro.

Nimekaribia kumaliza, Mwenyekiti, nakuona unaangalia saa.

Kesho nitasimama kama nilivyoagizwa. Nitaomba radhi. Nitaomba radhi kwa Kaluki, kwa jina, na nitaeleza nilichosema na siku niliyokisema, ili wale ambao hawakuwepo siku ile nao wajue. Kwa mkono huu sitaomba radhi, na sitaufuta. Wakiichukua kwaya, wataichukua, na nitaketi na waumini wengine niimbe kutoka huko. Wasipoichukua, mazoezi ni Alhamisi saa kumi, na tutaanza na alto kwa sababu alto mmekuwa mkijificha nyuma ya wengine tangu Pasaka.

Lakini kuna mtu ambaye sikutakiwa kumngojesha hadi kesho. Sikumwalika hapa, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumwalika. Amekuja mwenyewe na kwaya, ameketi pale karibu na dirisha amevaa kitambaa cha kijani. Jina lake ni Ndila, lakini kule kwetu hakuna anayemwita hivyo. Tunamwita Mama Kaluki.

Mama Kaluki, miaka hii yote tumekutana njiani, sokoni na kanisani. Nimekusalimu, umenisalimu, umenipa maharagwe ya shamba lako, na sijawahi kukutamkia neno. Mwanao hakuwa na kosa. Alikuwa anaimba alivyousikia wimbo, na mimi nilimnyamazisha, akafa akiwa kimya katika mstari alioupenda. Nilikosa, mwaitu, mama yangu. Nisamehe. Sikuombi unijibu hapa. Mimi ndiye niliyemweka binti yako katikati ya macho ya watu, na wewe sitakuweka. Nijibu siku utakayotaka, na ukikosa kunijibu nitaelewa, na bado nitakusalimu njiani.

Mheshimiwa, Chifu, Mwenyekiti, wageni wetu wote, mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu na hamkunong'ona. Nawaombeni tu mnipishe njia, kwa sababu sirudi kwenye kile kiti cha wageni wa heshima. Naona Mama Kaluki ametoa mkoba wake kwenye kiti kilicho kando yake, akauweka chini. Asanteni sana.